Kutoka Loresho Mpaka Porini: Habari za Baba na Mwana

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwenda upande wa magharibi hupita chini ya kilima cha Makumbusho, akaingia Westlands, na hapo njia humgawanyikia mara mbili. Iendayo mbele ni Waiyaki Way, barabara kuu ya Naivasha na Uganda, yenye magari mengi usiku na mchana. Ya mkono wa kulia ni njia ya Lower Kabete, nyembamba zaidi, yenye miti mirefu iliyopandwa zamani. Katikati ya njia hizo mbili ndipo ilipo Loresho.

Nchi ya huku yote ni migongo na mabonde. Migongo hiyo hushuka kutoka nyanda za juu za Limuru kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na katika kila bonde kuna kijito kiendacho upande wa mashariki. Udongo ni mwekundu, wenye rutuba, na mvua ikinyesha hushika viatu mpaka mtu akadhani amevaa mawe. Kabla ya nyumba kujengwa palikuwa na mashamba ya kahawa ya walowezi. Na kabla ya walowezi palikuwa na misitu na mashamba ya Wakikuyu. Leo Loresho ni mtaa wa nyumba kubwa zilizozungukwa na kuta na malango, ambapo ng'ambo ya barabara kuu iko Kangemi, yenye watu wengi na nafasi kidogo. Bondeni iko Kibagare, ambako vibanda vya mabati vimebanana. Hali zao si moja, bali katika jambo moja nyumba za mgongoni na za bondeni zimefanana. Baba au mama arudipo jioni kutoka kazini humkuta kijana wake wa miaka 14 au 15 ameinamia simu. Husalimiana, na mazungumzo yamekwisha. Hawakugombana, ni ukimya tu, na mzazi hajui aanzie wapi kuuvunja.

Ndiyo maana siku za Jumamosi huonekana wazazi wengine wamevaa viatu vizito, wana chupa za maji na vijana wao nyuma, wakienda kutembea katika msitu wa Karura au juu ya milima ya Ngong. Wanatafuta porini kitu walichokipoteza nyumbani. Pengine wengi wao hawajui kwamba maili chache tu kutoka malango yao, wakifuata ile njia ya Lower Kabete, ndipo alipokulia mvulana mmoja ambaye pori lilimfanya kuwa mtu mashuhuri duniani, na ambaye naye alipopata wana aliwachukua porini. Habari zake na wanawe zafaa kusimuliwa kwa ukamilifu, kwa kuwa hazikuwa tamu wakati wote.

Mwanzoni mwa karne iliyopita alifika Kabete Padri Harry Leakey pamoja na mkewe, wakitumwa na misheni ya Kanisa la Uingereza iitwayo C.M.S. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, na sakafu yake ilikuwa ardhi tupu. Humo alizaliwa mtoto wao Louis, tarehe 7 Agosti 1903, kabla ya miezi yake kutimia. Padri alishika kazi ya kuhubiri na ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu, kazi iliyochukua miaka mingi ya maisha yake. Mkewe alifundisha wasichana, na shule ya wasichana iliyoko Kabete mpaka sasa ina jina lake, Mary Leakey. Wengi hudhani jina hilo ni la mkaza mwana wake, yule Mary mwingine aliyekuja kuwa hodari wa kufukua mambo ya kale, lakini sivyo.

Louis hakuwa na watoto wa Kizungu wa kucheza nao isipokuwa ndugu zake. Alicheza na wavulana wa Kikikuyu, akasema lugha yao kama wao, akajifunza kutega mitego, kutupa mkuki na kunyemelea mnyama bila kuvunja kijiti. Mafunzo hayo hayakuwa mchezo tu. Mvulana wa Kikikuyu wakati ule hakufundishwa pori kwa kitabu. Alipewa mbuzi wa kuchunga, akaachwa nao malishoni, na akirudi jioni aliulizwa ameona nini. Asiyeweza kueleza alichekwa. Louis aliandika baadaye kwamba subira ya kutazama ardhi kwa saa nyingi aliipata huko. Aliingizwa katika rika la vijana lililoitwa Mukanda, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga, na mwenyewe alijihesabu Mkikuyu kwa lugha na kwa fikira kuliko Mwingereza.

Alipofikia umri wa miaka 13 hivi alifanya kama walivyofanya wenzake wa rika: alitoka katika nyumba ya mama akajijengea yake. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, mwisho wa bustani ya misheni, na ndani yake aliweka ngozi za wanyama, viota vya ndege, mayai na mawe. Hapa yafaa kumkumbuka Padri. Kwa desturi za Waingereza wa siku zile lilikuwa jambo geni kwa mtoto wa umri huo kulala peke yake katika nyumba ya udongo. Kwa desturi za Kabete halikuwa geni hata kidogo. Padri aliishi Kabete, akaacha desturi ya Kabete ifanye kazi yake. Baba aliyekuwa na maneno mengi ya kuhubiri Jumapili hakuingia katika nyumba ya mwanawe kumpangia mawe.

Mawe yenyewe yalikuwa hivi. Louis alipokuwa na miaka 12 hivi aliletewa zawadi ya kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa kale wa Uingereza, waliotumia visu na mishale ya mawe. Akatoka nje akaanza kutafuta. Katika kingo za barabara zilizochimbwa, na mahali mvua ilipokata udongo, aliona vipande vyeusi ving'aavyo, vyenye makali kama chupa iliyovunjika. Wakikuyu walivijua vipande hivyo siku nyingi. Waliviita nyembe za mizimu, wakasema huanguka pamoja na mvua, kwa kuwa huonekana baada ya mvua. Louis akavikusanya, kisha akavipeleka mjini kwa Bwana Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho madogo yaliyokuwako Nairobi. Bwana Loveridge hakumcheka. Alivitazama, akamwambia kwamba baadhi yake ni vyombo hasa vilivyotengenezwa na mikono ya watu, akamfundisha namna ya kuandika kila kimoja kilipookotwa.

Jiwe hilo ni kioo kilichomiminwa na milima ya moto, nalo halizaliwi Kabete. Hutoka ng'ambo ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Kila kipande alichookota yule mvulana kilikuwa kimebebwa na mtu kwa miguu, akapanda ukingo ule mrefu, akapita misitu yenye baridi, akaja kukichonga kwenye migongo hii hii. Mtu wa Loresho achimbaye leo msingi wa ukuta afadhali atazame kinachotoka katika udongo kabla ya kumwaga saruji.

Louis alikwenda Uingereza kusoma, akarudi na elimu ya Cambridge, akafanya kazi ya kutafuta asili ya binadamu katika Afrika ya Mashariki wakati ambapo wataalamu wengi wa Ulaya walidhani asili hiyo iko Asia. Mwaka 1931 alifika kwa mara ya kwanza katika bonde la Olduvai, Tanganyika. Aliongoza pia makumbusho ya Nairobi kwa miaka mingi. Katika habari za Kenya alikuwa mtu wa pande mbili, na haifai kulificha hilo. Alitetea madai ya ardhi ya Wakikuyu, akaandika kitabu kikubwa sana juu ya desturi zao, kilichochapishwa mwaka 1977 yeye akiwa amekwisha kufa. Lakini katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwaka 1952 alikuwa mkalimani upande wa Serikali, na mawakili wa Jomo Kenyatta walimpinga mpaka akaondoka. Wakati wa Hali ya Hatari wanawe walikulia katika nyumba yenye walinzi wenye bunduki. Huenda hiyo nayo ilikuwa sababu ya pori kupendeza zaidi kuliko nyumbani.

Alikuwa na wana watatu kwa mkewe Mary: Jonathan, aliyezaliwa mwaka 1940, Richard, aliyezaliwa mwaka 1944, na Philip, aliyezaliwa mwaka 1949. Mahali pa kwanza walipopelekwa si mbali na Nairobi, na mzazi wa leo aweza kupafikia na kurudi siku moja. Pahali hapo huitwa Olorgesailie.

Kutoka Loresho mtu huzunguka mji kwa upande wa kusini, akafika Kiserian, akapanda bega la milima ya Ngong hata Kona Baridi. Jina la mahali hapo halikutolewa bure. Upepo wake hupenya koti. Kutoka hapo barabara ya Magadi huanza kushuka katika Bonde la Ufa, na kila maili joto huongezeka. Migomba na mahindi hukoma, huanza miiba na migunga. Wamasai huonekana na mifugo yao kando ya njia. Baada ya maili 40 na zaidi kutoka Nairobi unatokea mlima mweusi wa Olorgesailie, na chini yake kuna ardhi nyeupe kama unga. Weupe huo ni mabaki ya vijidudu vya ziwa lililokuwako zamani sana, likakauka.

Hapo mawe yaliyochongwa yamelala juu ya ardhi kwa mamia na maelfu. Ni mashoka yasiyo na mpini, yamechongwa pande zote mbili, mengine makubwa hata mkono mmoja hautoshi kuyashika. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Gregory alikuwa ameona baadhi yake mwaka 1919, lakini Louis na Mary ndio waliofika penyewe mwaka 1942, wakapapima na kupachimba. Wafungwa wa vita wa Kitaliano waliletwa kusaidia kazi, na Mary alipiga kambi huko akiwa na Jonathan, mtoto mdogo wa kutembea kwa kuyumba. Mwaka 1947 palifunguliwa ili watu wote waone, na mawe mengi yaliachwa pale pale yalipokutwa. Msafiri hupita juu ya daraja la mbao akiyatazama chini yake. Kuna watu walioketi hapo miaka laki nyingi iliyopita, mmoja akichonga na mwingine akitazama, na huyo aliyetazama huenda alikuwa mtoto. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba katika tabaka za baadaye, zenye umri wa miaka 300,000 hivi, wamekuta vyombo vidogo vya kile kioo cheusi kilicholetwa kutoka mbali. Ni jiwe la jamii ile ile aliyoiokota mvulana wa Kabete.

Aendaye Olorgesailie na kijana wake na achukue maji mengi na kofia, aondoke alfajiri, na asiwe na haraka ya kuelezea. Safari ya namna hii ina faida moja ambayo haipatikani mezani. Watu wawili wakifuatana katika njia nyembamba hawatazamani usoni, na neno lililokataa kutoka mbele ya sahani ya chakula hutoka lenyewe njiani. Mzazi akiligeuza neno hilo kuwa mahubiri, kijana atanyamaza tena mpaka Kona Baridi.

Louis Leakey hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mwenye haraka, mwenye maneno, na kazi yake aliipenda kupita kiasi. Richard alipokuwa na umri wa miaka sita alichukuliwa na wazazi wake mpaka Kanjera, karibu na ghuba ya Homa katika Ziwa Victoria, walikokuwa wakichimba. Jua lilikuwa kali, nzi walikuwa wengi, na mtoto akachoka, akaanza kulalamika mara ana njaa, mara ana kiu, mara hana la kufanya. Baba alivumilia kidogo, kisha akamwambia kwa ukali aende akatafute mfupa wake mwenyewe. Mtoto akaenda. Mbali kidogo na wazazi wake aliona kipande cha mfupa wenye rangi kimetokeza ardhini, akaketi, akaanza kukifukua kwa kifaa kidogo kama alivyoona wakubwa wakifanya. Hakulalamika tena.

Ukimya wake ndio uliowashtua wakubwa. Walipokwenda kutazama walikuta kwamba amefukua taya la nguruwe mwitu mkubwa wa zamani sana, wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, nalo lilikuwa zuri kuliko yaliyopatikana kabla ya hapo. Basi, kwa kuwa kitu kilikuwa cha thamani kwa elimu, watu wazima wakaichukua kazi ile, na mtoto akawekwa kando. Kwa upande wa elimu walifanya sawa, maana mtoto wa miaka sita angeweza kulivunja taya. Lakini Richard alilikumbuka jambo hilo maisha yake yote, akalisimulia alipokuwa mtu mzima: alipewa mfupa wake, kisha akanyang'anywa. Kwa miaka mingi baadaye alisema kwamba hataki kabisa kufanya kazi ya wazazi wake.

Mambo ya Jonathan yalikwenda vingine. Siku za likizo za shule familia yote ilipakiwa katika gari pamoja na mahema, mapipa ya maji na mbwa wenye madoadoa wa Mary, wakasafiri kwenda Olduvai. Huko hakukuwa na maji ya kuoga kila siku. Maji yaliletwa kwa gari kutoka mbali, na simba walisikika usiku. Watoto walijifunza kutambaa juu ya miteremko, macho yakiwa karibu na ardhi, mpaka wakajua kwa kutazama tu kipi ni jiwe na kipi ni mfupa uliogeuka jiwe. Mwaka 1959 mama yao aliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na jina la Olduvai likaenea ulimwenguni. Mwaka uliofuata Jonathan, akiwa kijana wa miaka 19, aliokota taya la mnyama wa jamii ya simba mwenye chonge ndefu kama jambia. Safari hii baba hakuichukua kazi. Alimwachia kijana mahali pale apachimbe mwenyewe, napo pakaitwa kwa jina lake. Jonathan akachekecha udongo, akapata jino, kisha mfupa wa kidole, na mwezi Novemba 1960 akapata taya la mtoto wa binadamu wa kale, asiyefikia utu uzima. Louis alimwita mtoto huyo Mtoto wa Jonny. Mwaka 1964 yeye na wenzake wawili walitangaza kwamba huyo ni wa aina mpya ya mtu, wakaiita Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi wa mikono.

Na Jonathan mwenyewe? Alishukuru, akaondoka. Alichopenda hasa ni nyoka, akaenda kukaa upande wa Baringo, akafuga nyoka na kuuza sumu yao kwa watengenezaji wa dawa. Baba mwingine angekasirika kwamba mwana aliyepata sifa kubwa hivyo anaiacha kwa ajili ya moma na swila. Hakuna habari ya ugomvi mkubwa kati yao kwa jambo hilo.

Ugomvi ulikuwa kwa Richard, kwa kuwa walifanana mno. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alikataa kurudi shuleni. Wazazi wake walimwambia kwamba asiyetaka shule lazima ajitegemee, naye akakubali. Wakamkopesha pauni 500 anunue Land Rover. Ulikuwa mkopo wala si zawadi. Akaanza kazi ya kutega wanyama na kuuza mifupa yao kwa wachunguzi, kisha kazi ya kuongoza wageni porini. Alikuwa tayari anajua kutengeneza gari lililokufa mahali pasipo na fundi, kusoma nyayo, na kutafuta njia pasipo njia. Vyote hivi alivipata katika zile likizo za Olduvai ambazo alidai kwamba hazimpendezi.

Mwenzake mkubwa alikuwa Kamoya Kimeu, kijana wa Ukambani aliyeanza kazi kwa Leakey huko Olduvai mwaka 1960. Katika habari za baba na mwana huyu ni rahisi kumsahau mtu wa tatu, na kumsahau ni kosa. Richard alipopita kwa ndege juu ya Ziwa Natron aliona miteremko iliyofanana na ya Olduvai. Akaenda kwa gari, akarudi mikono mitupu. Hapo wazazi wake walimtuma mtaalamu kijana, Glynn Isaac, aende naye, na baba, alipoona walichokileta, akawapatia fedha za msafara. Mwezi wa Januari 1964 Richard alichoka na kazi ya kuhesabu mikebe ya chakula na mapipa ya petroli, akarudi Nairobi kwa siku chache. Na siku hizo hizo Kamoya akapata taya la mtu wa kale huko Peninj. Richard akaona kwamba sifa zilikwenda kwa wenye elimu ya vyuo, na mwenye kuendesha kambi hakutajwa sana. Yaelekea Kanjera ilimrudia moyoni. Lakini mara hii hakuliacha shamba. Alianza kulitaka liwe lake. Kamoya naye aliendelea mpaka mwaka 1984, alipoona huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kipande kidogo cha fuvu kilichofungua njia ya mifupa karibu yote ya mvulana aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Alifariki mwaka 2022, wataalamu wa nchi nyingi wakimheshimu.

Mwaka 1967 Louis, ambaye miguu yake ilikuwa imeharibika kwa maumivu ya viungo, alimtuma Richard awe kiongozi wa Wakenya katika msafara wa bonde la Omo, Ethiopia. Akiwa angani Richard aliona nchi kavu ya mashariki ya Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf wakati huo. Mwaka uliofuata, badala ya kurudi Omo chini ya jina la baba yake, aliomba chama cha National Geographic cha Marekani kimpe fedha kwa msafara wake mwenyewe, akapewa kwa onyo kwamba akikosa kitu asirudi kuomba tena. Mwaka huo huo wa 1968 alifanywa mkuu wa makumbusho ya Nairobi, mahali alipokuwa baba yake kabla yake. Alikuwa na miaka 23. Mzee alikuwa bado na ofisi hapo hapo, ana mipango yake, ana wageni wake, na sasa mwanawe ndiye mwenye kutia sahihi. Kila mtu aliyefanya kazi serikalini aweza kufikiri hali ya nyumba ile. Walibishana juu ya fedha, juu ya majengo, juu ya nani ana neno la mwisho. Miaka minne ilipita hivyo.

Mwezi Agosti 1972, huko Koobi Fora, mtafutaji mmoja aliyeitwa Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa katika korongo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kupita. Vipande vilikuwa vingi sana, na Meave, mke wa Richard, alikuwa miongoni mwa wale waliovishonanisha kwa wiki nyingi mpaka fuvu likaonekana. Lilikuwa na ubongo mkubwa kuliko walivyotazamia kwa mtu wa zamani hivyo. Namba yake katika kitabu cha makumbusho ni 1470.

Louis alikuwa ameshikilia maisha yake yote kwamba watu wa jamii yetu walikuwako duniani zamani kuliko wengi walivyokubali. Mwishoni mwa Septemba, siku chache kabla hajaondoka kwenda Uingereza, Richard alilileta fuvu lile Nairobi akaliweka mikononi mwa baba yake. Angeweza kulipeleka kwanza kwa waandishi wa magazeti. Mzee alilitazama, akaligeuza, akafurahi kama mtoto, na walizungumza kwa muda mrefu kama walivyokuwa hawajazungumza kwa miaka. Baadaye wataalamu walisahihisha umri wa fuvu hilo. Si la kale sana kama walivyodhani siku ile, bali ni la miaka milioni mbili hivi. Hilo halikuwa na maana kwa wale wawili. Walikuwa na lugha moja tu ambayo hawakuwahi kugombana ndani yake, lugha waliyojifunza wakitambaa juu ya ardhi ya moto, na siku hiyo waliisema tena.

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Mwezi Machi wa mwaka huo alikuwa amezaliwa mjukuu wake Louise, binti wa Richard na Meave. Louise alikulia katika kambi za Turkana. Mwaka 1993 ndege ya Richard ilianguka, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti, na ndipo Louise alipojiunga na mama yake kuziongoza safari za huko. Mama na binti wakawa pamoja katika kambi moja, ambapo zamani walikuwa baba na mwana. Richard alifariki tarehe 2 Januari 2022.

Mwili wa Louis uliletwa kutoka Uingereza ukazikwa Limuru, karibu na makaburi ya Padri Harry na mkewe. Atokaye Loresho aweza kwenda huko kwa njia ile ile ya Lower Kabete, apite Kabete na Wangige, apande mgongo mpaka baridi imwonyeshe kwamba amefika. Kingo za barabara za huko bado ni za udongo mwekundu, na baada ya mvua kubwa hung'aa.